Pikipiki ya Kigoma: Tupige Hesabu Kabla ya Kulipa



Katika viwanda vya Bujumbura, na kwa wenzetu wa miwa ya Moso, wa chai ya Teza na wa michikichi ya Rumonge, neno ni moja: pikipiki. Mshahara hautoshi. Mtu akipata pikipiki humpa kijana wake abebe abiria, na jioni chakula kinapatikana. Kwa kuwa Kigoma si mbali, wengi husema: twende tukanunue kule, bei ni nafuu.

Mwenzetu mmoja wa kiwandani alikopa fedha, akavuka, akanunua. Muuzaji alimwambia kwamba Burundi na Tanzania ni Jumuiya moja, hivyo hatalipa kitu njiani. Alipofika mpakani akaonyeshwa hesabu, naye mfukoni alibakiwa na nauli tu. Pikipiki ikalala duane, riba ikaendelea kupanda. Mwisho alimwachia mfanyabiashara kwa hasara. Pikipiki hana, deni analo.

Kosa lilikuwa wapi? Ni kweli Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu 2009 imo katika umoja wa forodha. Lakini msamaha wa ushuru ni kwa bidhaa yenye asili ya Jumuiya, tena yenye cheti cha asili. Mchele uliolimwa Tanzania una asili ya Tanzania. Pikipiki iliyotengenezwa India au China, hata ikikaa dukani Kigoma miaka mitatu, asili yake haibadiliki.

Sasa tupige hesabu. Tuseme thamani ya pikipiki, pamoja na usafiri na bima hadi mpakani, ni faranga 3,000,000. Ushuru wa forodha wa 25% ni faranga 750,000. TVA ya 18% haihesabiwi juu ya bei peke yake, bali juu ya bei pamoja na ushuru, yaani 3,750,000; nayo ni faranga 675,000. Jumla ya kodi ni faranga 1,425,000, karibu nusu ya bei. Hapo bado ada nyingine za forodha, malipo ya wakala, plaki, karte rozi na bima ya barabarani.

Kwa hiyo tunawashauri:

Kwanza, kabla ya kusafiri nenda OBR, uulize viwango vya siku hiyo na upate namba ya mlipa kodi, NIF.

Pili, dai risiti ya bei ya kweli. Risiti ya uongo haisaidii: forodha wakiitilia shaka, watakadiria thamani wenyewe.

Tatu, kama pikipiki imekwisha tumika, kadi yake iwe na jina la anayekuuzia, na namba ya fremu uisome kwa macho yako.

Nne, usipite njia za panya. Ukikamatwa, pikipiki inaweza kutaifishwa.

Tano, kumbuka kwamba Machi 2022 pikipiki zilikatazwa kuingia katikati ya jiji la Bujumbura. Jua kijana atafanyia kazi wapi kabla hujakopa.

Ndugu, hatusemi msinunue. Tunasema mtu asiende peke yake. Watu watano wa kiwanda kimoja wanaweza kutafuta wakala mmoja na kugawana gharama. Nasi chamani tutaendelea kudai viwango vibandikwe kwenye kila mpaka kwa Kirundi na Kiswahili, ili mfanyakazi ajisomee mwenyewe anacholipa.

Umoja ni nguvu.