Taa ya usiku kwa mwani, pumzi ya alfajiri kwa tilapia

Wandugu wakulima, kuna wafugaji wa samaki wanaowashia majani taa usiku kucha, na siyo wazimu. Kule Ulaya na Marekani watu wengi hufuga samaki wa bahari nyumbani, ndani ya masanduku ya vioo yenye maji ya chumvi. Chini au kando wanaweka sanduku la pili ambamo mnakua mwani, ni kusema majani ya baharini. Maji yanazunguka kati ya hayo mawili. Mwani unakula naitrati na fosfati zinazotoka kwa uchafu wa samaki, na mwenyewe anavuna sehemu na kuitupa. Asipovuna, uchafu unabaki humo humo.

Sasa, juu ya nini usiku? Mwani ukipata mwangaza unatoa oksijene. Giza likiingia unaivuta tu, sawa vile samaki wanaivuta. Kwa hiyo wanawasha taa ya mwani wakati taa ya samaki imezimwa, masaa 12 hivi au zaidi, ili oksijene isishuke sana na maji yasigeuke makali.

Sisi kwenye etan zetu tunatumia jua, na jua halina pa kuzimia wala kuwashia. Ile rangi ya kijani ya maji ni mimea midogo sana yenye kufanya kazi ileile. Mchana inawapa tilapia chakula na oksijene. Usiku, ambao huku karibu na ikweta ni masaa 12 hivi mwaka mzima, inavuta pamoja na samaki, pamoja na samadi inayooza chini. Oksijene inakuwa kidogo kabisa mbele ya jua kutoka.

Ndiyo maana ukikuta alfajiri samaki wako juu, midomo wazi, usiwatupie pumba. Wengi wanafikiri ni njaa. Ni pumzi inayokosa! Fungua mferiji, maji mapya yaanguke juu ya mawe ili yabebe hewa, na usitie chakula wala samadi mpaka maji yapungue ukijani.

Kupima ni bure. Jua likiwa juu, ingiza mkono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea kwa macho maji yanapofika kiwiko, mbolea inatosha. Kikipotea mbele, maji yakiwa bado katikati ya mkono, umezidisha: acha kutia samadi. Kikionekana vizuri, ongeza.

Tena, lisha jua likisha kupanda, siyo mapema sana wala magaribi. Na wakati wa mvua angalieni zaidi: mawingu yakikaa siku mbili tatu, mimea haitoi oksijene ya kutosha mchana, lakini usiku inavuta kama kawaida. Siku hizo punguzeni chakula, na mmoja wenu apite kwenye etan mbele ya mapambazuko.