Bareti ya RAM ipimwe kabla ya kulipwa

Wengi kati yetu tunaotunza familia kwa kazi ya seketeria, kuchapa barua na kutoa fotokopi, tunalalamika kwamba kompyuta zetu zinaenda polepole. Fundi akiitwa anasema: ongezeni memwari. Mara nyingi anasema kweli. Kompyuta yenye giga 2, ukifungua Word na intaneti kwa pamoja, inajaa, inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ni nzito sana kuliko memwari. Lakini bareti mbovu italeta hasara kubwa kuliko ule upole.

Kwanza tujue kwamba bareti hazifanani. Toeni ile ya zamani msome kibandiko chake. Ikiandikwa PC3 ni DDR3, ikiandikwa PC4 ni DDR4. Pengo la chini halikai mahali pamoja, kwa hiyo DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR3, na anayeisukuma kwa nguvu anavunja mashini. Bareti za laptopu nazo ni fupi kuliko za kompyuta ya mezani.

Hatari zaidi ni ile inayoingia vizuri na bado haifai. PC3 ya kawaida inatumia volti 1.5, PC3L inatumia volti 1.35. Ziko laptopu zinazotaka PC3L peke yake; ukiweka ile nyingine, kioo kinabaki cheusi, au mashini inalia bip bip. Tena, Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya giga 4. Mama mwenye Windows hiyo akinunua giga 8, nusu ya pesa yake inalala bure.

Halafu kuna ile inayowaka vizuri kabisa. Hapo ndipo wauzaji wanatushinda: wanawasha, wanaonyesha hesabu ya giga imepanda, wanadai dola zao. Kuwaka si kupona! Bareti inaweza kuwa na kasehemu kadogo kabovu kati ya mamilioni, na kompyuta isipokafikia hakuna anayejua. Siku itakapoandika hapo michango ya likelemba, 50 inaweza kugeuka namba nyingine, au faili ikakataa kufunguka. Nani ataamini mtunza pesa siku hiyo?

Ndiyo maana chamani kwetu, laptopu ya daftari ilipoletewa bareti ya giga 4, tulimwambia muuzaji asubiri hadi kesho. Tuliweka programu ya MemTest86+ kwenye kle ya USB, tukawasha laptopu kwa kle hiyo bila kuingia Windows. Programu hii ni ya bure. Inaandika na kusoma kila sehemu ya memwari, inarudia rudia. Kabla ya saa mbili kupita, mistari myekundu ilijaa kwenye kioo. Muuzaji alisema eti ni vumbi. Tulisafisha meno ya bareti kwa kifutio cha penseli, tukapima tena peke yake, mistari ikarudi. Akabadilisha. Ya pili ilipita usiku mzima bila kosa hata moja, na ndiyo tuliyolipa.

Kosa moja tu linatosha kuikataa. Asiye na kle atumie kipimo cha Windows chenyewe: aandike mdsched mahali pa kutafutia, akubali kompyuta izime na kuwaka. Hakichimbui sana kama kile cha kwanza, lakini ni bora kuliko kuamini macho. Chagueni siku ambayo kurani haikatiki katika mtaa wenu, maana ikikatika katikati mnaanza upya.

Kabla ya kufungua, zimeni, toeni betri, gusaneni na chuma ili umeme wa mwili utoke. Bareti ya zamani msimwachie fundi. Ifungeni katika kamfuko ilimotoka ile mpya, muiweke pamoja na risiti.