Kabla Umwage Ganji kwa Msumeno wa Meza

"Boss, hii ni wati 1,800. Inakata adi mawe."

Msee wa hadiwea hapo Inda ananishow hivyo akipapasa mashine ni ka ndai mpya. Stika bado ziko, bledi inang'ara vinoma. Sikumjibu. Nilitoa tepu kwa mfuko nikapima kutoka kwa fensi adi jino la mbele: 100 mm. Nikapima jino la nyuma: 97. Nikaifunga fensi vizuri, nikausukuma mkia wake na kidole kimoja. Ikatembea. Jamaa akanicheki ni ka nimemtusi mathe.

Mimi si fundi. Jobo yangu ni ya kompyuta, mbao ni za wikendi. Lakini nimeharibu mbao za kutosha kujua wati ndo kitu ya mwisho unafaa kuuliza. Hizi mashine ndogo za kubeba zinakuanga wati 1,500 adi 2,000 hivi, na soketi ya keja ya ampi 13 inazibeba bila noma. Saipresi ya inchi moja haitaisumbua yoyote. Kenye kinatenganisha mashine na takataka ni fensi, ile reli mbao inateleza ikiiegemea. Ka iko karibu na bledi huko nyuma kuliko mbele, venye ile ilikuwa, mbao inabanwa. Na hapo ndo ngori inaanza.

Cheki. Bledi ya 250 mm ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, meno zinapita kilomita 220 kwa saa. Hakuna nganya ya Rongai imewai fika hapo, hata dere akiwa amechizi. Meno za mbele zinashuka, zinakandamiza mbao kwa meza. Za nyuma zinapanda zikirudi kwako. Mbao ikiziguza hizo za nyuma, inainuliwa na kurushwa, na tumbo yako ndo iko njiani. Ndo maana husimamangi nyuma ya bledi moja kwa moja. Unasimama kando kidogo, na mbao nyembamba unasukuma na kijiti. Glavu pia zii, juu jino likishika uzi, mkono unafuata.

Sasa ongeza hii: mbao tunabuy Gikomba mara mob inakuanga mbichi. Ukiipasua, inajikunja penye umekata, ule mwanya unajifunga nyuma ya bledi ka mdomo. Kwa hivyo huku kwetu kile kisu chembamba nyuma ya bledi, chenye kinaweka mwanya wazi, si pambo. Hakikisha kinapanda na kushuka pamoja na bledi. Ukienda kubuy bledi ingine, cheki kisu ni chembamba kuliko mkato wake, ama mbao itakwama katikati. Mashine haina kisu? Hepa, hata ka bei ni ya kutupa.

Zile za jua kali nazo, meza ya chuma na mota ya mkanda, naziheshimu. Ni nzito, hazitetemeki, na mota yake haingurumi ka hizi ndogo za brashi zenye zinapiga nduru adi landilodi anashuka na slipasi. Lakini zile nimeona mob hazina kifuniko wala kisu, na fensi ni kipande cha mbao kimebanwa na klempu. Fundi wa miaka 20 anajua kuishi nayo. Wewe wa Jumamosi hujui.

Mtumba? Angalia plagi kwanza. Ka ni ya manjano, mviringo, hiyo imetoka saiti za Uingereza na inataka volti 110. Za Marekani zinataka 120. Soketi yetu inatoa 240, so ukilazimisha unachoma mota, na transfoma ya kubeba hiyo mzigo ni doo ingine na kilo zingine. Tundu la bledi pia: za Ulaya ni 30 mm, za Marekani ni inchi 5/8. Uliza duka lako linauza gani kabla ujifunge nayo.

Na ukibuy, ongeza bledi. Ya meno 24 ni ya kupasua mbao kwa urefu, ya 60 ni ya kukata kukingama na kwa bodi zenye hutaki zimeguke. Hiyo nimejifunza kwa plywood ya bei, na bado inaniuma.

Ka ni shelfu moja tu unadai, wachana na hii stori yote. Peleka mbao kwa msee wa mashine Gikomba akupasulie, mlipe, urudi keja.

Mimi nilizunguka duka tatu. Ya mwisho fensi ilikuwa inasukumwa na gia mbele na nyuma mara moja, milimita ni zile zile pande zote, na mkia ukisukumwa hausongi. Mresh wa kaunta hata hakutaja wati. Alinipea skwea yake nipime bledi ikiwa imesimama wima, akangoja.

Sahii mashine bado iko kwa boksi. Saipresi imelala chini ya kitanda, na vipande vya katikati ya kila tabaka ndo hewa ipite. Hiyo mbao bado inanuka unyevu.