Sailensa Iliyotobolewa na Sheria ya Kelele, Mbarara na Nakivale

Kila valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi ya moto huchomoka kwenye silinda ya pikipiki kwa kishindo. Sailensa ndiyo inayokituliza. Ndani yake mna vyumba vidogo vilivyotengwa kwa bati, na vibomba vyenye matundu. Mawimbi ya sauti hugongana humo na kupoteza nguvu kabla ya kufika nje. Fundi akiikata, akiitoboa au akichomoa zile bati, mlio hutoka mzimamzima. Wapo madereva wa bodaboda wanaoamini kuwa injini hupata nguvu, lakini kwa pikipiki ya cc 100 faida hiyo, hata ikiwapo, ni ndogo mno.

Uganda ina Kanuni za Viwango na Udhibiti wa Kelele za mwaka 2003, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA. Kwenye nyumba za kuishi kikomo ni desibeli 50 mchana na 35 usiku; hospitalini, kama ile ya rufaa ya Mbarara, ni 45 mchana na 35 usiku. Usiku huhesabiwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili alfajiri.

Tatizo liko kwenye kipimo. Viwango hivyo ni vya wastani wa sauti kwa muda fulani, ilhali pikipiki hupita kwa sekunde chache na kutokomea. Wastani waweza kubaki chini ya kikomo na mtoto akawa ameshaamshwa. Mashambani adha huzidi, kwa kuwa hakuna kelele nyingine ya kuifunika. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Pikipiki yenye desibeli 90 kwa mita 7.5 itasikika kwa 72 kwenye mita 60, na kwa 54 kwenye mita 480, karibu nusu kilomita.

Ndiyo maana chombo chenyewe huhitaji kikomo chake. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinakataza chombo cha moto chenye mlio usio wa kawaida unaozidi desibeli 84 kinapoongeza mwendo. Kimataifa, pikipiki hupimwa pia ikiwa imesimama: maikrofoni huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba la moshi, kwa pembe ya digrii 45. Kipimo hiki hakihitaji barabara maalumu, na kingefaa sana wilayani Isingiro.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika wilaya hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtaka mkimbizi kutii sheria zote za nchi, hivyo dereva Mkongo wa Base Camp, Nakivale, na Mganda wa Kakoba, Mbarara, wako chini ya kanuni zilezile. Malalamiko kwa kawaida huanzia kwa viongozi wa wakimbizi, ambao hupatanisha, kisha hufika polisi. Hapo ipo njia isiyodai desibeli hata moja: Sheria ya Adhabu inahesabu kero kwa umma kuwa kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Ushahidi wa majirani una uzito.

Hata hivyo, kumfunga kijana kwa sababu ya bomba ni kupita kiasi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaziruhusu halmashauri za wilaya kutunga sheria zao ndogo. Sheria ndogo inayodai sailensa nzima, isiyokatwa wala kutobolewa, ingemwezesha askari kukagua kwa macho na mkono, dereva akapewa siku chache za kurudisha bomba zima, na fundi aliyelikata naye akawajibika.