Walinzi wa Damu

Daktari apimapo damu ya mtoto, huhesabu pia chembe nyeupe ziitwazo eosinofili. Mganga Mjerumani, Paul Ehrlich, alizitambua mwaka 1879, kwa kuwa hushika rangi nyekundu ya eosini. Kwa desturi hazipiti 500 katika milimita moja ya ujazo.

Zikizidi, tusimsingizie jirani uchawi. Katika nchi yetu ya Kongo, mara nyingi ni minyoo au kichocho. Pengine ni pumu, au dawa isiyopatana na mwili. Basi tupeleke mavi na mkojo wa mtoto vipimwe, tummalizishe dawa, tumvike viatu, tuchimbe choo.

Mungu ametia askari katika damu. Sisi wazazi tusiwaache wapigane peke yao.