Nyanya Haina Subira: Simu Mkononi, Mzigo Kitonga

Hebu jiulize, msomaji wangu. Ile nyanya unayoichukua gengeni jioni ukaenda kukatia kachumbari, imelipa nauli kiasi gani mpaka kukufikia? Mwingine hapo atanijibu, "We naye, si imetoka sokoni!" Haya, na huko sokoni iliota?

Nyanya nyingi tunazokula hapa Dar zinatoka mkoani Iringa, na jina kubwa huko ni Ilula, wilaya ya Kilolo. Mnaopanda mabasi ya kusini mnapajua. Gari likisimama tu, vitunguu na nyanya vimeshafika dirishani. Kutoka hapo hadi Dar ni zaidi ya kilomita 400 za barabara ya TANZAM, tena baada ya Ilula unateremka mlima Kitonga wenye kona za kumtoa mtu jasho. Lori moja likiharibika pale kati, foleni inajipanga, na nyanya ndani ya matenga zinaanza kutoa maji. Saruji itasubiri, mbao zitasubiri, lakini nyanya haina subira.

Mimi nina mjomba wangu analima huko. Zamani, anasema, mkulima akipakia mzigo alikuwa kama anacheza bahati nasibu. Anafika soko la Ilala alfajiri, macho mekundu kwa usingizi, dalali anamwambia, "Mzee, soko limelala, nyanya zimejaa." Utabisha nini? Huwezi kurudi na matenga yako Ilula. Unapokea kilichopo, unanunua sukari na sabuni, unapanda basi.

Simu za mkononi ziliingia nchini mwaka 1994 na kampuni ya Mobitel, ila wakati ule zilikuwa za mabosi. Mjomba alikuja kushika ya kwake miaka mingi baadaye. Siku hizi ananipigia kabla jogoo hajawika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kamwene! Hebu pita Ilala uniangalizie, tenga linakwendaje leo?"

Basi mtoto wa mjini nadandia daladala, nazunguka, nauliza kama mnunuzi, nampigia. Bei ikiwa mbaya anaacha zile ambazo bado hazijaiva ziendelee kukaa shambani siku mbili tatu. Ikiwa nzuri, kwake huko vijana wameshaanza kupigilia misumari matenga.

Msidhani ni hadithi za mjomba tu. Kule jimbo la Kerala, India, mtafiti Robert Jensen aliwafuatilia wavuvi wakati simu za mkononi zinaingia kwenye pwani yao, kati ya 1997 na 2001. Asubuhi moja ya Januari 1997, kabla ya simu, kwenye soko la Badagara wavuvi 11 walikosa wanunuzi, na ndani ya kilomita 15 tu walikuwepo wanunuzi 27 wanaotafuta samaki. Simu zilipofika, mvuvi akawa anauliza bei akiwa baharini, kisha anageuza boti kuelekea kwenye wateja. Kwa hesabu alizotoa Jensen mwaka 2007, faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Samaki wa kutupwa wakawa kama hawapo tena.

Lakini angalia, yule mvuvi alikuwa na boti yake. Akishaijua bei, anaifuata. Mkulima wa Ilula hana lori, na hapo ndipo utamu unapoingia shubiri.

Wakulima wengi huchukua hela ya mbegu, mbolea na dawa kwa dalali kabla ya msimu. Makubaliano yanakuwa hayo hayo: mzigo wote upite kwake. Mjomba naye aliwahi kufungwa hivyo. Msimu ule nilimpigia nikamwambia upande wa pili wa soko wanalipa vizuri zaidi. Akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Mjomba, bei nimeisikia. Lakini lori ni la kwake na deni ni la kwake." Nilikosa la kumjibu. Simu ilimpa habari, ikamwacha na maumivu ya kujua anachokikosa. Na dalali naye ana simu, tena mbili!

Kilichomsaidia ni kuungana na wenzake watatu. Wakiuza wanatenga hela ya mbegu za msimu unaofuata kabla ya kugusa chochote, halafu wanakodi Fuso moja kwa pamoja. Mteja akilipa, hela inaingia kwa simu. Na hapo napo kuna mdomo unaokula: makato. Mnaikumbuka Julai 2021, ilipowekwa tozo ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja? Kelele zilipigwa mpaka Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mjomba msimu ule alirudia kumpa kondakta wa basi bahasha, kama enzi za mwalimu.

Sasa wewe kijana mwenzangu unayeuza viatu kwa picha za WhatsApp na kupeleka kwa bodaboda, usijione uko mbali na mjomba. Chukua daftari leo. Andika bando, andika bodaboda, andika makato, na andika mtaji huo ni wa nani. Kama mwenye mtaji ndiye anayekupangia uuze kwa nani na kwa bei gani, basi hata uwe na simu ya kioo kikubwa vipi, biashara ni ya mwenzio.

Kwa leo naishia hapa. Mjomba anapiga, na Ilala haijafunguliwa bado. Wasalaam.