MAJI YA KUFULIA YASIMWAGWE OVYO

Maji yachotwayo mbali kwa taabu humwagwa uani baada ya kufulia. Twaweza kuyatumia tena shambani, lakini kwa akili. Sabuni ya mche hufanywa kwa mafuta na magadi makali; chumvi yake hubaki majini, na ikizidi katika udongo wa mfinyanzi huugandisha, maji yasipenye.

Basi tuimwagilie migomba shinani siku ile ile, kwani yakilala hunuka. Na mara nyingine tuipe maji safi. Mboga ziliwazo mbichi zisipewe, wala maji ya nguo chafu za watoto wachanga yasitumiwe.

Walimu na wajaribu pamoja na wanafunzi: makopo mawili ya udongo yatobolewe chini, moja lipewe maji ya sabuni kwa majuma kadhaa, la pili maji safi. Kisha watazame lipi lipitishalo maji upesi.